“Siku Watakaponiletea Ushahidi”: Osorno, Papa Francisko na sisi walei

Alhamisi ya tarehe 18 Januari 2018, katika mji wa Iquique, pwani ya kaskazini mwa Chile, Papa Francisko alikuwa anaingia mahali pa kuadhimishia Misa ya mwisho ya ziara yake nchini humo. Waandishi wa habari walikuwa wanamsubiri getini. Mmoja akamuuliza kuhusu Juan Barros, Askofu wa Osorno, aliyetuhumiwa kunyamazia unyanyasaji wa kingono uliofanywa na padre aliyemlea. Papa akajibu kwamba siku watakapomletea ushahidi dhidi ya Askofu Barros, ndipo atakapozungumza. Hakuna hata ushahidi mmoja, akasema, yote ni masingizio. Akamalizia kwa kuuliza: “Imeeleweka?”

Mimi ni Mkatoliki wa jumuiya ndogondogo, nimelelewa na Mama Kanisa tangu utoto, na Papa Francisko alipofariki Aprili 2025 nilimlilia kama mzazi. Nampenda hata sasa. Ndiyo maana jibu lile la Iquique linanikosesha raha kuliko kosa lolote la kiongozi nisiyempenda. Ndani yake mna wazo ambalo nalisikia mara kwa mara hapa kwetu, parokiani na kwenye makundi ya WhatsApp: kwamba kazi ya kuleta ushahidi ni ya yule aliyeumizwa, na mpaka aulete, mchungaji ana haki ya kukaa kimya na kondoo ana wajibu wa kumtetea.

Naamini kinyume chake. Aliye na mamlaka ndiye mwenye kazi ya kwenda kuutafuta ukweli. Chile imetuonyesha jambo hilo kwa pande zote mbili, lilipofanyika na lilipoachwa.

Tuanzie kwa padre mmoja wa Santiago, Fernando Karadima. Kwa miaka mingi aliongoza parokia ya El Bosque, katika eneo la watu wenye uwezo. Vijana wa familia kubwa walimkimbilia, wazazi wakashukuru kwamba watoto wao wamepata baba wa kiroho, na wengi walimwona mtakatifu aliye hai. Miito ilitoka pale kwa wingi: makumi ya mapadre, na maaskofu kadhaa, walilelewa naye. Mlei wa kawaida, muumini asiye padre wala mtawa, angeanzia wapi kumshtaki padre wa namna hiyo? Kila mlango ambao angebisha, aliyefungua alikuwa anamjua Padre Karadima na anamheshimu.

Malalamiko yalianza kumfikia Kardinali Francisco Javier Errázuriz, Askofu Mkuu wa Santiago, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uchunguzi ukaanzishwa, kisha ukalazwa. Mwaka 2010 wanaume watatu, Juan Carlos Cruz, James Hamilton na José Andrés Murillo, wakachoka kusubiri. Walijitokeza kwenye televisheni ya taifa, sura zao wazi na majina yao wazi, wakaeleza walichotendewa na Karadima. Februari 2011 Vatican ikatangaza kwamba padre huyo ana hatia ya kuwanyanyasa kingono watoto, ikamwamuru aishi maisha ya sala na toba. Mahakama ya Chile nayo ikaona maneno ya walalamikaji yanaaminika, ila muda wa kisheria wa kumshtaki ulikuwa umeshapita.

Hapo pana jambo ambalo watetezi wengi wa Askofu Barros hulipita haraka. Tangu 2011 Kanisa lenyewe, kwa chombo chake lenyewe, lilikuwa limeshathibitisha kwamba Karadima alitenda yale ambayo watu hawa watatu walimshtaki. Na watu haohao ndio waliosema kwamba Barros, akiwa kijana wa karibu kabisa na Karadima, alikuwepo, aliona, na akanyamaza. Barros amekana siku zote. Ana haki ya kukana, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Lakini inakuwaje mashahidi walioaminiwa kuhusu padre wageuke wasingiziaji pale wanapomtaja askofu?

Januari 2015 Papa akamteua Barros, ambaye wakati huo alikuwa Askofu wa Jeshi, kuwa Askofu wa Osorno, jimbo dogo kusini mwa nchi. Waumini zaidi ya 1,300 waliandika barua wakiomba uteuzi huo utenguliwe. Mapadre wapatao 30 wa jimbo hilohilo waliandika. Wabunge 51 kati ya 120 waliandika. Vatican ilikuja kujibu mwishoni mwa Machi, siku chache baada ya kusimikwa kwake, kupitia idara inayoshughulikia maaskofu, kwamba imechunguza kwa makini na haikuona sababu za msingi za kuzuia uteuzi.

Alisimikwa tarehe 21 Machi 2015. Nimeitazama video ya siku ile zaidi ya mara moja. Kanisa Kuu la San Mateo limejaa, lakini halifanani na kanisa lolote nililowahi kuona siku ya kusimikwa askofu. Watu wamevaa nguo nyeusi. Wameshika maputo meusi, na wengine, wanaomuunga mkono, wameshika meupe. Mapadre wanaingia kwa maandamano na askofu mpya anasukumwasukumwa kati ya watu wanaomtaka aondoke mjini. Ibada ilifupishwa. Hapa kwetu siku kama hiyo kuna kwaya, vigelegele, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wamevaa sare, zawadi za mbuzi na mchele zinapelekwa altareni. Najaribu kuwaza ni maumivu kiasi gani yanayoweza kumfanya mama wa Misa za asubuhi, aliyepamba kanisa hilo miaka yote, avae nguo za msiba siku ya kumpokea mchungaji wake.

Waumini wale hawakuishia siku hiyo. Waliunda umoja wao wa walei, wakakutana, wakaandika, wakasimama na mabango kila ilipobidi, kwa miaka mitatu. Waliitwa wasaliti na watu waliokaa nao benchi moja kanisani. Mei 2015 Papa mwenyewe, akizungumza na mahujaji katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, alirekodiwa akisema kwamba Osorno inateseka kwa sababu ya ujinga, na kwamba watu wasikubali kuburutwa na wanasiasa wa mrengo wa kushoto. Video hiyo ilitoka hadharani Oktoba mwaka huo. Jiweke mahali pa mwana Osorno anayeisikia sauti hiyo, akiijua vizuri, akiwa na picha yake sebuleni.

Utetezi uliozoeleka ni kwamba Papa alidanganywa. Una ukweli ndani yake. Yeye mwenyewe baadaye alisema alikosa taarifa za kweli na zilizokamilika. Ila siwezi kuuchukua wote. Barua yake kwa maaskofu wa Chile ya tarehe 31 Januari 2015, iliyokuja kuchapishwa na vyombo vya habari mwaka 2018, inaonyesha alikuwa anajua wasiwasi uliokuwepo, na kwamba ulikuwepo mpango wa kumwomba Barros na maaskofu wengine wawili waliolelewa na Karadima wajiuzulu na kupumzika kwa mwaka mmoja. Aprili 2015 wajumbe wa Tume ya Kipapa ya Ulinzi wa Watoto, akiwemo Marie Collins wa Ireland, ambaye naye alinyanyaswa na padre akiwa mtoto, walimkabidhi Kardinali Seán O’Malley wa Boston barua ya kurasa nane ya Juan Carlos Cruz ili aifikishe kwa Papa. Kardinali aliwahakikishia baadaye kwamba ameifikisha. Na bado, ndani ya ndege akirudi kutoka Amerika ya Kusini Januari 2018, Papa aliwaambia waandishi kwamba hao wahanga wanaotajwa hajawaona, kwa kuwa hawajajitokeza.

Cruz alishalijibu neno la Iquique kwenye mtandao, kwa uchungu: kana kwamba angeweza kujipiga picha wakati Karadima anamnyanyasa na Barros amesimama pale anatazama. Sijui namna iliyo bora ya kueleza ugumu wa ushahidi wa aina hii. Unyanyasaji hufanyika mlango umefungwa, aliyeufanya ndiye mwenye funguo, na anayeumizwa mara nyingi ni mtoto asiye na maneno ya kusimulia kinachompata. Ukimwambia huyo alete karatasi, umeshampa jibu kabla hajafungua mdomo.

Kinachonisikitisha zaidi kuhusu Chile ni kwamba Kanisa la nchi ile lilikuwa linajua kufanya vizuri zaidi. Lilikuwa na shule yake lenyewe.

Baada ya mapinduzi ya tarehe 11 Septemba 1973, Jenerali Augusto Pinochet alipoanza kukamata, kutesa na kupoteza watu, Kardinali Raúl Silva Henríquez wa Santiago aliungana na viongozi wa madhehebu mengine kuanzisha kamati ya kuwasaidia walioteswa. Serikali ikashinikiza kamati ivunjwe. Kardinali akaivunja, na Januari 1976 akafungua chombo kingine, safari hii ndani ya Kanisa lenyewe ili jenerali asiweze kukifunga kirahisi: Vicaría de la Solidaridad, ofisi ya mshikamano, pembeni mwa Kanisa Kuu la Santiago. Akina mama walipanda ngazi za ofisi ile wakiwa na picha ya mtoto wa kiume na maneno yao tu. Hawakuwa na hati ya kukamatwa, kwa sababu waliomkamata hawakuandika hati. Hawakuwa na mwili wa kuzika. Serikali ilisema wanasingizia, kwamba wanatumiwa na wakomunisti, kwamba hao vijana wamekimbilia nje ya nchi na wake wengine. Wafanyakazi wa Vicaría walikaa nao, wakaandika kila neno, wakafungua majalada, wakapeleka maombi mahakamani hata pale mahakama zilipoyatupa.

Mwishoni mwa 1978 ikawafikia taarifa ya siri kwamba kuna mifupa ya watu katika tanuru za chokaa zilizoachwa, mahali panapoitwa Lonquén, nje ya Santiago. Hawakumwambia mtoa habari alete ushahidi. Walikwenda wenyewe. Katika msafara ule alikuwemo Askofu Msaidizi Enrique Alvear na padre Cristián Precht, aliyekuwa anaiongoza Vicaría. Walichungulia ndani ya tanuru, wakaona, wakapeleka taarifa Mahakama ya Juu. Ilikuja kujulikana kwamba ni miili ya wanaume 15 waliokamatwa na polisi Isla de Maipo Oktoba 1973. Tangu siku ile hakuna aliyeweza kusema tena kwamba waliopotea ni hadithi za akina mama.

Askofu aliyeinama kwenye tanuru la chokaa kutafuta ukweli wa wakulima maskini ndiye mfano wangu wa uongozi wa Kanisa. Naweka mfano huo mbele ya jibu la Iquique, na naona umbali uliopo.

Na lazima niongeze jambo linaloniuma kuliandika. Precht huyohuyo, shujaa wa haki za binadamu, alivuliwa upadre Septemba 2018 kufuatia tuhuma za unyanyasaji. Alichofanya Lonquén hakifutiki. Wale wanaume 15 walipata haki ya kujulikana, na yeye alikuwa na mkono katika hilo. Ila mema ya kiongozi hayawezi kuwa jibu kwa mtu anayesema ameumizwa naye. Tukisema “baba huyu kajenga shule tatu na zahanati,” tumesema habari za shule na zahanati. La mtoto bado halijajibiwa.

Nirudi 2018. Tarehe 20 Januari, siku mbili baada ya Iquique, Kardinali O’Malley alitoa tamko akisema inaeleweka kwamba maneno ya Papa yamewaumiza sana walionyanyaswa. Nakumbuka mshangao wa siku ile. Kardinali, mshauri wa karibu wa Papa, anamkosoa hadharani, kwa heshima na bila kuzungushazungusha. Ndani ya ndege Papa akaomba radhi kwa namna alivyolizungumzia suala la ushahidi, ingawa aliendelea kumtetea Barros na akasema amekataa mara mbili ombi lake la kujiuzulu. Mwisho wa mwezi Vatican ikatangaza kwamba Askofu Mkuu Charles Scicluna wa Malta atatumwa kusikiliza.

Scicluna alianzia New York, mahali Cruz alipomweleza habari zake ana kwa ana. Alipofika Santiago akaugua, akafanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, na padre aliyefuatana naye, Mhispania Jordi Bertomeu, akaendelea kusikiliza. Walisikiliza watu 64. Taarifa waliyompelekea Papa ilikuwa na kurasa zipatazo 2,300. Ushahidi ambao Januari ulikuwa haupo hata mmoja, kufikia Machi ulikuwa unajaza masanduku. Wale mashahidi hawakuzaliwa mwezi Februari. Walikuwepo muda wote, katika nchi ileile, wakiomba kusikilizwa.

Tarehe 8 Aprili Papa akawaandikia maaskofu wa Chile kwamba amefanya makosa makubwa katika kuitathmini na kuiona hali, na akaomba msamaha wa wale aliowakosea. Akawaalika Cruz, Hamilton na Murillo wakae naye Santa Marta, nyumba aliyokuwa akiishi, akazungumza na kila mmoja kwa saa kadhaa. Kwa maelezo ya Cruz, Papa alimwambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa sehemu ya tatizo, na akamwomba msamaha. Mzee wa miaka 81, mwenye cheo ambacho watu hupiga magoti mbele yake. Mei maaskofu wote wa Chile wakaitwa Roma, na tarehe 18 wote waliokuwa kazini wakaweka barua za kujiuzulu mikononi mwa Papa. Tarehe 11 Juni akakubali kujiuzulu kwa watatu wa kwanza, Barros akiwemo. Karadima alivuliwa upadre Septemba mwaka huo.

Siku sita baada ya Barros kuondoka, Jumapili ya tarehe 17 Juni 2018, Scicluna alikuwa Osorno. Katika lile Kanisa Kuu la San Mateo, lililokuwa na maputo meusi, alisema Papa amemtuma aombe msamaha kwa kila muumini wa Osorno na kwa kila mkazi wa eneo lile, kwa kuwaumiza na kuwakosea sana. Akapiga magoti. Bertomeu akapiga magoti naye. Watu wakapiga makofi, wengine wanalia.

Sasa niseme kuhusu wale wanaotetea, kwa kuwa si wote wanatetea vibaya, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu.

Hoja yao yenye uzito kuliko zote inaitwa George Pell. Kardinali huyo wa Australia alitiwa hatiani Desemba 2018 kwa kuwanyanyasa vijana wawili wa kwaya, akakaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja, na tarehe 7 Aprili 2020 majaji wote saba wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo walifuta hukumu. Watu waliokuwa wamemtukana hawakumrudishia siku zake. Mtuhumiwa ni binadamu, na padre aliyezushiwa jambo baya hubaki nalo maisha yake yote hata akisafishwa. Hilo nalikubali kabisa. Lakini tuangalie Pell alisafishwa na nini: alisafishwa na mchakato. Mashahidi walihojiwa, hoja zikapimwa, rufaa ikasikilizwa hadi ngazi ya mwisho. Hakusafishwa na mtu kusema getini kwamba ni masingizio. Asiye na hatia ndiye anayehitaji uchunguzi wa kweli kuliko mtu yeyote. Barros naye, kama ni kweli hakuona chochote, alinyimwa nafasi ya kulithibitisha hilo mapema, akapelekwa Osorno akiwa na wingu juu ya kichwa. Utetezi wa haraka haukumsaidia hata yeye.

Tena kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya, na kuyachanganya huko ndiko kunakofanya mijadala yetu iwe ya kelele. Swali la kwanza ni kama kiongozi fulani alitenda uovu kwa mkono wake. Swali la pili ni kama alijua, au alipaswa kujua, na alifanya nini. Kardinali Errázuriz hakushutumiwa kumgusa mtoto. Alishutumiwa kwa majalada yaliyolala. Mtetezi anayekwambia “baba askofu ni mtu safi” amejibu swali la kwanza, na pengine amejibu vizuri. La pili bado liko mezani, na kwa waumini wa kawaida la pili ndilo kubwa zaidi, kwa sababu mwovu mmoja peke yake hawezi kudumu miaka 30 parokiani bila watu wenye vyeo kugeuzia macho pembeni.

Halafu kuna mstari wa Biblia. Kila mara mjadala huu unapoanza kwetu, mtu ataandika “Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu,” na mazungumzo yanaishia hapo. Mama mmoja mtu mzima wa jumuiya yetu aliniambia siku moja, baada ya sala, kwa upendo kabisa: “Mwanangu, wapakwa mafuta tuwaachie Mungu mwenyewe, sisi tusali tu.” Nilimjibu, “Shikamoo mama, tutasali,” na nikaenda nyumbani kuisoma Zaburi ya 105 yote.

Isomeni. Aya chache kabla ya maneno hayo, Zaburi inawataja hao masihi ni akina nani: ni Abrahamu, Isaka na Yakobo na watu wao, walipokuwa watu wachache na wageni katika nchi, wakitangatanga toka taifa hili hadi taifa lile. Na waliokemewa kwa ajili yao ni wafalme. Mungu anamwambia mwenye nguvu asimguse mnyonge asiye na kwao. Tumeugeuza mstari huo ukawa ngao ya mwenye kiti dhidi ya aliyekaa chini. Ukiusoma kama ulivyoandikwa, huko El Bosque masihi asiyestahili kuguswa alikuwa yule kijana.

Na ndani ya Kanisa letu kukosoa hakukuanza jana. Mtume Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba Kefa alipokuja Antiokia alishindana naye uso kwa uso, kwa sababu alistahili hukumu. Petro mwenyewe! Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 212, zinasema waamini wana haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao kuhusu mambo yanayohusu mema ya Kanisa, na kuwajulisha waamini wengine, kwa heshima. Wale walei wa Osorno wenye nguo nyeusi walikuwa ndani ya sheria. Waliowaita wasaliti ndio hawakuisoma.

Hapa Tanzania tuna maaskofu wanaojua kusema ukweli mbele ya mamlaka. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari, likasomwa makanisani, na kiini chake kilikuwa kwamba serikali isikilize sauti ya wananchi. Nilisimama nikiwa na fahari siku ile. Naomba fahari hiyohiyo iingie ndani ya uzio wa parokia. Kanisa linaloidai serikali isikilize wananchi halipaswi kumnyamazisha binti wa kwaya anayelalamika kuhusu katekista, au mzazi mwenye wasiwasi kuhusu bweni la seminari ndogo. Chile ilikuwa na Kanisa lenye sauti kubwa barabarani, na humohumo El Bosque vijana waliumizwa kwa miaka. Wahenga walishasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Na nyumba zetu za kiparokia hazina kinga ambayo Santiago haikuwa nayo.

Watu wa Chile hawakumaliza salama. Machi 2019 mahakama ya rufaa ya Santiago iliamuru Kanisa liwalipe Cruz, Hamilton na Murillo peso milioni 100 kila mmoja, kwa uzembe wa viongozi. Siku chache kabla ya hapo Kardinali Ricardo Ezzati, aliyemrithi Errázuriz, alikuwa ameshaachia uaskofu mkuu. Makanisa yamepungua watu. Mwaka 2021 Cruz aliteuliwa na Papa Francisko kuwa mjumbe wa Tume ya Kipapa ya Ulinzi wa Watoto, ileile ambayo wajumbe wake waliibeba barua yake ya kurasa nane. Na Scicluna na Bertomeu walitumwa tena, Julai 2023, safari hii Peru, kuwasikiliza walioumizwa na jumuiya ya Kikatoliki iitwayo Sodalicio. Mwaka 2025 jumuiya hiyo ikavunjwa. Walikwenda kusikiliza, na wakapata cha kusikia.

Jambo moja katika yote haya linatuhusu moja kwa moja, na ni la kisheria. Mei 2019 Papa Francisko alitoa hati iitwayo Vos estis lux mundi. Iliagiza majimbo duniani kote, ndani ya mwaka mmoja tangu ianze kutumika tarehe 1 Juni 2019, yawe na utaratibu wa kudumu, unaofikika kirahisi na watu, wa kupokea taarifa za unyanyasaji, ikiwemo taarifa dhidi ya maaskofu wenyewe. Pia ilikataza anayetoa taarifa asilazimishwe kunyamaza. Hati hiyo ilithibitishwa rasmi kuwa ya kudumu mwaka 2023. Ni agizo kwa Roma, kwa Osorno, na kwa jimbo lako wewe unayesoma hapa, uwe Bukoba, Mahenge, Mombasa au Goma.

Basi Jumapili ijayo, baada ya matangazo ya ndoa na michango, nenda ofisini kwa Baba Paroko, msalimie kwa adabu, umuulize: jimboni kwetu taarifa hizo hupokelewa na nani, na namba yake ya simu ni ipi? Akiwa nayo, mwombe ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo mtoto wa kipaimara anaweza kuisoma. Kama hana, mwombe amwandikie Baba Askofu, na umwachie majina ya wanajumuiya walio tayari kusaini barua hiyo pamoja naye. Mimi na wenzangu watano tumeshasaini ya kwetu.